Muhogo kuozea ardhini: Ifahamu RNA, adui na silaha ya mkulima

Na Mwandishi Wetu

KATI ya mazao yote yanayoingia sokoni jijini Dar es Salaam kila alfajiri, muhogo ndio unaompa mkulima nafasi ya kupumua. Nyanya ikiiva lazima ichumwe, mchicha ukilala siku mbili umekwisha, lakini muhogo unaweza kubaki shambani ukisubiri bei nzuri, ada ya shule au dharura ya msiba. Ndiyo maana wenye maeneo Mabwepande na Bunju wilayani Kinondoni, au Chamazi na Toangoma wilayani Temeke, hupanda muhogo hata pembeni ya msingi wa nyumba ambayo haijaisha. Kwao hiyo ni akiba iliyowekwa ardhini.

Tatizo huja pale akiba hiyo inapofunguliwa na kukutwa imeharibika. Mti umesimama vizuri, majani ni ya kijani, mnunuzi ameshafika na gari. Jembe linapopigwa na muhogo kukatwa katikati, ndani kunaonekana mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama gome la mti. Mchuuzi wa mihogo ya kukaanga hautaki, mwenye mashine ya unga hautaki, na hata ng'ombe hupewa kwa kuchaguliwa. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao kwa ukanda wa Pwani ni mwenyeji wa miaka mingi.

Ugonjwa huu hauletwi na mdudu anayetafuna, wala ukungu, wala ardhi iliyochoka. Unaletwa na kirusi ambacho urithi wake wote umeandikwa kwenye molekuli iitwayo RNA. Katika miaka 40 iliyopita sayansi imegundua kuwa molekuli hiyo ina uwezo ambao hakuna aliyeutarajia: inaweza kufanya kazi yenyewe, kukata na kuunga, bila kusaidiwa. Mkulima na mfanyabiashara wakiielewa habari hii watajua kwa nini muhogo wao unaoza, na kwa nini dawa ya kupulizia haiwezi kuuponya.

Hesabu ya hasara

Kabla ya kuingia maabara, tuanze na mfuko. Ekari moja ikipandwa muhogo kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja inachukua miti isiyopungua 4,000. Tuseme kila mti unatoa kilo mbili tu za muhogo mbichi. Hizo ni kilo 8,000. Tuseme tena bei ya shambani ni shilingi 400 kwa kilo. Mti mmoja katika kila mitano ukiwa umeoza, mkulima amepoteza kilo 1,600, sawa na shilingi 640,000, na hapo hajahesabu palizi.

Huo ni mfano wa hesabu tu, na katika hali halisi mambo huwa mabaya zaidi. Kwa aina za muhogo zisizohimili ugonjwa huu, watafiti wamewahi kukadiria kuwa hasara inaweza kufika asilimia 70 ya mavuno. Isitoshe, mnunuzi akikuta mihogo michache mibovu kwenye rundo, hushusha bei ya rundo zima.

Anayeumia zaidi ni mfanyabiashara anayenunua shamba likiwa bado ardhini. Huyu hutembea kati ya matuta, hukadiria kwa macho na kulipa fedha taslimu, kisha hutafuta vibarua na gari. Kama hakukata muhogo hata mmoja kabla ya kulipa, amenunua asichokiona. Ugomvi kati ya wauzaji na wanunuzi huanzia hapo, kila mmoja akidhani mwenzake amemdanganya, kumbe wote wawili wamedanganywa na majani ya kijani.

Ugonjwa wa zamani

Historia ya ugonjwa huu imeanzia hapa hapa nyumbani. Mwaka 1936 mtafiti H.H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga, aliueleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu. Ndugu yake, ugonjwa wa batobato unaokunja na kukwajua majani, ulikuwa umeandikwa tangu mwaka 1894 katika nchi hiyo hiyo, wakati wa utawala wa Wajerumani.

Amani hawakuishia kuueleza. Storey na mwenzake R.F.W. Nichols walianza kuchanganya muhogo wa kawaida na jamaa zake wa porini, ukiwamo mpira wa Ceara, ili kupata mbegu zenye ukinzani. Kazi hiyo ilifungwa mwaka 1957, lakini matunda yake hayakupotea. Aina ambayo wakulima wa Kusini mwa Tanzania wanaiita Namikonga, na ambayo Pwani ya Kenya inajulikana kama Kaleso, inatokana na kazi ya Amani. Wakulima ndio walioitunza kwa kupeana pingili, na hadi leo watafiti huitumia kuzalisha aina mpya.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa michirizi ya kahawia ni tatizo la ukanda wa chini karibu na bahari tu. Imani hiyo ilivunjika kuanzia mwaka 2004, ugonjwa ulipoonekana tena Uganda katika maeneo ya mwinuko, kisha ukasambaa kuzunguka Ziwa Victoria. Ilipofika mwaka 2001 wanasayansi walikuwa wametambua kundi la kirusi hicho, na baadaye ikathibitika kuwa virusi ni viwili vinavyofanana lakini si kimoja. Mwaka 2009 Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walichapisha kwa mara ya kwanza maandishi kamili ya urithi wa kirusi cha ugonjwa huu, wakitumia sampuli kutoka Tanzania. Maandishi hayo yana urefu wa takriban herufi 9,000, zote za RNA.

RNA ni kitu gani?

Msomaji aliye na duka ataelewa haraka. Fikiria mgahawa wenye daftari kuu la mapishi ambalo mwenye mali hulifungia kabatini. Daftari hilo ni DNA. Mteja akiagiza chakula, mhudumu hanyofoi ukurasa wa daftari. Hunakili oda kwenye kikaratasi na kukipeleka jikoni. Kikaratasi hicho ni RNA. Jikoni mpishi anakisoma na kupika. Chakula kinachotoka ni protini, ambayo ndiyo inayojenga jani, mzizi, nyama na damu.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba kazi zote za kukata, kuunga na kuyeyusha ndani ya mwili hufanywa na protini maalumu ziitwazo vimeng'enya. Kimeng'enya ni kichocheo: huiharakisha kazi, lakini chenyewe hakiliki katika kazi hiyo. Mama lishe anayepaka papai bichi kwenye nyama ngumu ya mishkaki anatumia kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu wa papai. Nyama hulainika haraka, na utomvu kidogo unatosha nyama nyingi.

Mwaka 1982 Thomas Cech wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, alikutana na jambo lililomshangaza. Alikuwa akichunguza RNA ya kiumbe kidogo cha seli moja kinachoishi majini. RNA hiyo ilikata kipande chake yenyewe, kikatoka, kisha ikaunga ncha mbili zilizobaki. Aliondoa protini zote, lakini kazi ikaendelea. Mwaka uliofuata Sidney Altman wa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wenzake, alionyesha kuwa katika kimeng'enya kimoja cha bakteria, sehemu inayokata ni RNA, si protini. Kwa mfano wetu wa mgahawa, kikaratasi cha oda kilikutwa kimeshika kisu. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1989, na molekuli za aina hiyo zikaitwa raibozaimu.

Kilichofuata kilikuwa kikubwa zaidi. Mwaka 2000 picha za kina za mpishi wetu wa jikoni, yaani raibosomu, zilionyesha kuwa mahali hasa ambapo protini huungwa pamejaa RNA tupu. Protini zilizomo ndani ya mtambo huo ni wasaidizi. Kwa maneno mengine, kila protini iliyomo kwenye muhogo wako, kuku wako na mwili wako imeungwa na RNA inayofanya kazi ya kichocheo.

Kirusi kinavyoiteka jiko

Hapa ndipo mkulima anapohusika. Kirusi cha michirizi ya kahawia hakina jiko lake. Kina kikaratasi kimoja tu cha oda chenye herufi 9,000, kimefungwa ndani ya koti la protini. Kikiingizwa kwenye jani na nzi weupe, koti huvuliwa, na kikaratasi hukabidhiwa raibosomu za muhogo. Raibosomu haziulizi oda imetoka wapi. Zinasoma na kupika protini za kirusi, kirusi kinajinakili mara nyingi, na nakala husambaa kupitia mishipa ya mti hadi kwenye mizizi.

Hiyo ndiyo sababu hakuna dawa ya kupulizia inayoweza kukiua. Jiko linalotumiwa na kirusi ndilo linalotumiwa na muhogo wenyewe. Ukilizima, mti unakufa. Anayekuuzia chupa kwa maelezo kwamba inatibu muhogo ulioathirika anakuibia. Dawa ya wadudu inaweza kupunguza nzi weupe kwa muda, lakini mti ulioathirika unabaki umeathirika hadi unang'olewa.

Kuna jambo jingine. RNA inaponakiliwa hukosewa mara nyingi kuliko DNA, kwa kuwa mfumo wake hauna mhakiki wa kurudia kusoma. Makosa hayo huzaa virusi vyenye tofauti ndogo ndogo, na baadhi huweza kushinda aina ya muhogo iliyokuwa ikihimili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na timu iliyowashirikisha watafiti wa Uganda na wa Mikocheni, Dar es Salaam, ulionyesha kuwa kimoja kati ya virusi hivyo viwili hubadilika kwa kasi kuliko mwenzake. Mbegu iliyokuwa nzuri miaka kumi iliyopita si lazima iwe nzuri leo.

Funzo kutoka kwenye parachichi

Wapo viumbe vidogo kuliko virusi. Mwaka 1971 Theodor Diener wa Marekani aligundua kuwa ugonjwa mmoja wa viazi husababishwa na RNA tupu isiyo na koti wala oda ya protini. Aliipa jina la viroidi. Mojawapo ya viroidi zilizojulikana baadaye hushambulia miparachichi, na ina herufi zipatazo 250 tu, ukilinganisha na 9,000 za kirusi cha muhogo.

Viroidi hii ndiyo mfano hai wa RNA inayojifanyia kazi shambani. Inapojinakili hutoa mnyororo mrefu wa nakala zilizoshikana, kama sabuni ya mche kabla ya kukatwa vipande. Kisha sehemu ya RNA hiyo hujikunja katika umbo linalofanana na nyundo na kuukata mnyororo katika vipande vyenye urefu kamili. Watafiti wa Adelaide, Australia, walilionyesha jambo hilo mwaka 1986.

Kwa mfanyabiashara wa miche, habari hii ni ya fedha. Parachichi ni zao lililopanda thamani, hasa tangu Novemba 2022 Tanzania na China ziliposaini makubaliano ya kufungua soko la tunda hilo. Miche iliyobebeshwa inauzwa pembezoni mwa barabara kuanzia Tegeta hadi Bunju na upande wa Mbagala. Viroidi ya miparachichi, ambayo ni tatizo linalojulikana Afrika Kusini, Australia, Israeli na Marekani, husafiri kwa vikonyo vya kubebeshea, kwa mbegu na kwa visu visivyosafishwa. Huacha michirizi ya njano iliyobonyea kwenye tunda, lakini ipo miti inayoibeba bila kuonyesha dalili yoyote. Mwenye kitalu anayechukua vikonyo kwenye mti asioujua, na kutumia kisu kimoja kutwa nzima bila kukichovya kwenye maji ya klorini, anaweza kusambaza ugonjwa kwa wateja mia moja kwa siku.

Kutoka mkasi hadi mbegu mpya

Umbo lile la nyundo liliwapa wanasayansi wazo. Kama RNA inaweza kujikata, kwa nini isielekezwe kuikata RNA ya adui? Mwaka 1988 Jim Haseloff na Wayne Gerlach wa Australia walieleza namna ya kutengeneza mkasi huo ili ukate RNA yoyote inayolengwa. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini katika mimea njia hiyo haikuleta matokeo yaliyotarajiwa.

Njia iliyofika mbali ilitoka kwenye mimea yenyewe. Mmea una ulinzi wake: ukikutana na RNA ya kirusi inayojinakili, huikatakata vipande vidogo, kisha huvitumia vipande hivyo kama picha ya mhalifu kutafuta na kukata RNA nyingine inayofanana. Hapa anayekata ni protini, lakini anayemwonyesha pa kukata ni RNA. Andrew Fire na Craig Mello walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006 kwa kugundua mfumo wa aina hii katika minyoo. Kirusi cha muhogo nacho kimejipanga: katika kazi ile ya mwaka 2009, Mbanzibwa na wenzake waligundua kuwa kimojawapo cha vitu kinavyooda jikoni ni protini ya kuzima ulinzi huo.

Watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani waliupa muhogo picha ya mhalifu mapema kwa kuingiza kipande cha urithi wa virusi hivyo kwenye mbegu. Baada ya majaribio ya miaka mitano katika vituo vya Mtwapa, Kakamega na Alupe, mwezi Juni 2021 mamlaka ya usalama wa bayoteknolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo huo kuingia kwenye majaribio ya kitaifa ya aina za mbegu.

Tanzania ilichukua mkondo tofauti. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza kusitishwa kwa majaribio ya mazao yaliyobadilishwa jeni, yakiwamo mahindi yaliyokuwa yakijaribiwa Makutupora, Dodoma. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufutwa kwa majaribio hayo nchini. Wapo wanaoona uamuzi huo unalinda mbegu za asili na uhuru wa mkulima, na wapo wanaoona unamchelewesha. Kwa vyovyote vile, mkulima wa Toangoma anayepanda msimu huu hapaswi kusubiri mjadala huo umalizike.

Kazi inayofanyika Mikocheni

Wengi wanaopita Mikocheni hawajui kuwa katikati ya viwanda na nyumba za kifahari kuna kituo cha utafiti wa kilimo. Kilianza na minazi, na sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Ni miongoni mwa maabara za nchi hii zilizobobea katika kutambua virusi vya mimea.

Kwa kuwa RNA huharibika upesi, kuipima si kazi nyepesi. Maabara huichukua kutoka kwenye jani, huinakili kuwa DNA, kisha huizidisha hadi ionekane. Mtafiti Joseph Ndunguru, aliyewahi kuongoza kituo hicho, pamoja na wenzake kutoka nchi jirani na nje ya Afrika, walifanya jaribio jingine: kukipeleka kipimo shambani. Mwaka 2018 walitumia kifaa cha kusomea vinasaba kinachoenea kiganjani katika mashamba ya Tanzania, Kenya na Uganda. Badala ya mkulima kusubiri majibu kwa miezi, aliyapata ndani ya saa chache, akiwa bado amesimama shambani kwake.

Kwa mkulima asiyefikiwa na vifaa hivyo, ipo programu ya simu iitwayo Nuru. Simu ikielekezwa kwenye jani, hutaja kama kuna dalili za batobato, michirizi ya kahawia au utitiri wa kijani, na hufanya kazi bila intaneti. Haioni kirusi kilichojificha bila dalili, lakini ni jicho la ziada kwa anayeanza.

Hatari iko kwenye pingili

Nzi weupe hulaumiwa sana, na kweli ndio wanaokihamisha kirusi kutoka mti hadi mti. Lakini kirusi hiki hakidumu muda mrefu ndani ya nzi, hivyo safari yake kwa njia hiyo ni fupi. Anayekivusha kutoka Mkuranga hadi Chamazi, au kutoka Bagamoyo hadi Bunju, ni binadamu aliyebeba mzigo wa mbegu kwenye bodaboda.

Tuseme mti mmoja wenye ugonjwa umekatwa pingili sita. Msimu ujao ni miti sita. Kila mmoja ukikatwa sita, msimu wa pili ni 36, na wa tatu ni 216. Mwenye shamba hajanunua ugonjwa popote. Ameuzalisha mwenyewe, na huenda amewapa majirani kwa moyo mwema.

Aina zinazohimili zipo. Kiroba imeokoa wakulima wengi wa Pwani, na zipo nyingine zilizotolewa na watafiti kama Chereko, Mkuranga 1, Kipusa na Kizimbani. Hata hivyo, kuhimili si sawa na kutougua. Kiroba inaweza kubeba kirusi huku mizizi yake ikibaki mizuri kwa kiasi kikubwa. Ukiipanda jirani na aina dhaifu kama Albert, nzi weupe watakuwa na ghala la kirusi la kuchota. Kwa hiyo hata mbegu inayosifiwa lazima itoke kwenye shamba safi.

Hapa ndipo penye biashara. Taasisi ya udhibiti wa mbegu, TOSCI, hukagua na kuthibitisha mashamba ya mbegu za muhogo kama inavyofanya kwa mahindi, na wapo wakulima waliojiandikisha kuzalisha pingili pekee. Anayeanza na mbegu safi kutoka kituo cha TARI Kibaha, ambacho ni mwendo mfupi kutoka Kimara, akatenga shamba lake mbali na mihogo mingine na kukubali kukaguliwa, ana bidhaa inayouzwa mara mbili: shina kwa wakulima na mzizi kwa wachuuzi.

Temeke wana somo lao

Anayedhani mambo ya RNA ni ya muhogo tu aangalie banda la kuku. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, nao huletwa na kirusi cha RNA, na nao hauna tiba. Kwa kuku jibu limepatikana kwa njia ya chanjo. Maabara ya mifugo ya Temeke ndiko ilikoanzia chanjo inayostahimili joto, TEMEVAC, ambayo hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mfugaji wa Mbagala hasubiri kuku wasinzie ndipo atafute dawa, hukinga kabla. Muhogo hauchanjwi, lakini kanuni ni hiyo hiyo, na chanjo yake ni pingili safi.

Dondoo kwa mkulima

1. Chagua mbegu mti ukiwa bado na majani. Angalia majani ya chini yaliyokomaa. Unjano unaofuata mishipa ni dalili. Kiangazi majani hayo hupukutika, nawe utachagua gizani.

2. Chunguza sehemu ya kijani ya shina. Ukiona michirizi ya kahawia, usikate mbegu hapo.

3. Siku ya kuvuna, kata mzizi wa kila mti unaotaka kuufanya mbegu. Mzizi ukiwa na doa, shina lake lichomwe.

4. Kagua shamba kuanzia mwezi wa tatu, ng'oa miti yenye dalili na uiteketeze. Usiitupe mpakani mwa jirani.

5. Usichelewe kuvuna shamba lenye ugonjwa. Kadiri mizizi inavyokaa ndivyo uozo unavyoongezeka.

Dondoo kwa mfanyabiashara

1. Usilipe shamba lililo ardhini kabla ya kung'oa miti kadhaa kutoka pande zote na katikati, na kukata mihogo vipande mbele ya mwenye shamba.

2. Kubalianeni mapema, mbele ya shahidi, nani atabeba hasara ya mihogo mibovu.

3. Muhogo wenye madoa haumwambukizi mlaji, kwa kuwa kirusi hiki ni cha mimea. Lakini ukiuchanganya kwenye gunia la lumbesa utapoteza mteja.

4. Usiuze wala kugawa mashina yaliyobaki baada ya mavuno kama mbegu bila kujua afya ya shamba yalikotoka.

Mvua za masika hupandisha bei ya mbegu za muhogo kote Pwani, na haraka ya kupanda ndiyo inayowafanya wengi wachukue shina lolote linalopatikana. Gharama ya kutembelea shamba la mbegu na kupasua mzizi mmoja ni nauli na nusu saa, wakati gharama ya kutofanya hivyo hujulikana mwaka unaofuata, mnunuzi akiwa tayari amesimama na kisu mkononi.